Shajara ya mradi: kumtafutia binti yangu gari la kwanza, Mwanza, Juni hadi Septemba 2025

28 Juni 2025: Sababu na bajeti

Binti yangu ana umri wa miaka 23, ana leseni ya daraja D tangu mwaka jana, na tangu Mei anafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya upande wa Sengerema. Zamu zake ndizo zilizoleta mazungumzo haya nyumbani, kwa kuwa anayetoka kazini saa nne za usiku hana usafiri mwingine isipokuwa bodaboda, nami sijawahi kulala vizuri nikijua yuko juu ya bodaboda kwenye barabara isiyo na taa. Nilikuwa na sababu moja ya kuahirisha: kila atakapokuja Mwanza angekaa na gari kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Tarehe 19 Juni daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa rasmi, na sababu hiyo imekwisha.

Tumetenga shilingi 13,000,000 kwa kila kitu. Kati ya hizo, milioni tatu zimewekwa kando na hazitaguswa wakati wa kununua. Ni za karatasi, bima na matengenezo ya mwanzo. Anayetaka kuifuata kazi hii aanze hapo, kwa maana nimewaona wenzangu shuleni wakitoa fedha yote kwa muuzaji na kuegesha gari miezi mitatu kwa kukosa tairi. Bei ya kununua, basi, isizidi milioni kumi. Kuagiza kutoka Japani tumekuacha, kwa sababu gari tunaloweza kulimudu lina zaidi ya miaka kumi, na gari la umri huo hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Fedha ingeishia bandarini Dar es Salaam.

Sifa tulizokubaliana ni chache. Injini iwe ndogo, isiyozidi lita 1.5. Breki ziwe na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, na mifuko ya hewa ya mbele iwepo na iwe mizima. Dereva aone vizuri nyuma na pembeni, kwa kuwa mgeni wa usukani hugusa kuta na nguzo mwaka wa kwanza. Vipuri vipatikane Mwanza na Sengerema bila kuagiza. Injini za D4, zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nimezikataa mapema, kwa sababu hazivumilii mafuta machafu na mafundi wanaozimudu vizuri ni wachache.

Jambo moja kuhusu namba. Huku kwetu gari hutajwa kwa herufi ya kwanza baada ya tarakimu: namba C, namba D, namba E, na bei hupanda kwa kufuata herufi hiyo. Herufi hueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haielezi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 linaweza kuwa namba D, nalo limetumika Japani miaka kumi kabla ya kuonja vumbi letu.

5 na 6 Julai 2025: Gari la kwanza, na kosa langu kubwa

Dalali alituonyesha Toyota IST ya rangi ya fedha, namba D, maeneo ya Buzuruga, kwa milioni 9.9. Tulipofika saa tano asubuhi injini ilikuwa ya moto; muuzaji alisema ametoka kupeleka watoto kwa bibi yao. Liliwaka mara moja, likatembea vizuri hadi Igoma na kurudi. Dalali akaniambia kuna mteja anatoka Geita na fedha mkononi, hivyo nitoe angalau kishika uchumba. Nikatoa 200,000. Sikudai maandishi yoyote ya kwamba fedha itarudi gari likikutwa na kasoro, ingawa darasani nawafundisha watoto wa watu kuandika kila kipimo.

Kesho yake fundi wangu wa Nyakato alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Nilinyoosha mkono kumwomba muuzaji ufunguo, naye akanizuia. “Mwalimu, usiwashe kwanza.” Akafungua kifuniko cha rejeta: maji matupu, hayana kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, hata tone, na rangi yake ilikuwa ya udongo wa mfinyanzi. Ndipo akaruhusu gari liwashwe, kifuniko kikiwa wazi. Kwa dakika mbili hapakuwa na kitu. Kisha viputo vidogo vikaanza kupanda kimoja kimoja, kama sufuria inayokaribia kuchemka, ingawa injini ilikuwa bado haijapata joto. Halafu maji yakasukumwa nje na kumwagikia feni. Hewa ya mlipuko wa ndani ya silinda ilikuwa inapenya kwenye njia za maji. Gasketi ya silinda hedi imekwenda, na gari la namna hii huchemsha likipanda mlima, kisha huua injini nzima.

Gari ambalo injini imekwisha kupata moto huficha mambo mengi: ugumu wa kuwaka, moshi wa bluu wa mwanzo unaoonyesha kwamba linakula oili, na rejeta ambayo hakuna mwenye akili atakayeifungua likiwa la moto. Tangu leo muuzaji atapigiwa simu jioni na kuombwa asiliwashe gari hadi tufike, nasi tukifika tutaweka kiganja juu ya injini kabla ya salamu kuisha. Dalali alikataa kurudisha fedha.

Gharama: kishika uchumba kilichopotea 200,000, fundi na mashine yake ya kusoma hitilafu 40,000.

12 Julai 2025: Gari la pili

Toyota Probox ya mwaka 2005, Kirumba, milioni 8.7. Injini ilikuwa baridi, rejeta safi, giaboksi haina mshtuko. Kilichonisumbua ni vifuko vitatu vya manukato vilivyoning'inizwa ndani, wakati kimoja kingetosha. Fundi akafungua buti, akakunja zulia, akatoa tairi la akiba. Chini yake palikuwa na kutu iliyovimba kwa tabaka kama maganda ya mti, na ndani ya kutu hiyo lilikuwa limenasa gamba la samaki, kubwa kuliko ukucha wa dole gumba. Sangara. Fundi akasukuma bisibisi taratibu, ikapita sakafu na kutokea upande wa pili.

Muuzaji hakuwa amedanganya. Alisema tangu mwanzo kwamba lilikuwa gari la biashara. Sangara husafirishwa na barafu, na barafu ikiyeyuka, maji yake yenye damu na utelezi hutafuta maungio ya bati, yakakaa humo wiki na miezi bila kukauka. Ziwa letu ni la maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo wengi hudhani kutu ni tatizo la watu wa Pwani. Gari lililobeba samaki halihitaji bahari. Injini hufunguliwa na giaboksi hubadilishwa, lakini sakafu na mihimili ya bodi ikiliwa, siku ya ajali hapana kitakachomkinga aliye ndani. Kwa ukanda huu wa ziwa, kila gari lenye nafasi ya mizigo nyuma likunjwe zulia kabla ya kutazamwa injini. Tuliondoka bila kujadili bei.

Gharama: fundi 40,000.

19 Julai 2025: Gari la tatu, tulilokaribia kulichukua

IST nyeusi, namba D, Nyegezi, rimu za spoti, milioni 9.8. Binti yangu alilipenda kabla hajashuka kwenye bajaji. Dira ilisoma kilomita 71,340. Injini ilipita kila kipimo cha asubuhi.

Mambo mawili yalitukatisha tamaa. La kwanza niliona mwenyewe nilipofungua mlango wa dereva: kwenye nguzo ya mlango kulikuwa na kibandiko kidogo cha Kijapani cha kubadilisha oili, ambacho hakuna aliyejali kukibandua. Kilikuwa na tarakimu 27 ya mwaka na kilomita 98,200. Wajapani wengi huandika miaka kwa enzi ya mfalme wao, na mwaka wa 27 wa enzi ya Heisei ni 2015. Gari lililokuwa na kilomita 98,200 mwaka 2015 haliwezi kuwa na 71,340 leo. Baada ya kukiona kibandiko, vitu vingine vikaanza kusema: mpira wa pedali ya breki umelika upande wa kulia hadi chuma kimeonekana, na ngozi ya usukani ni laini kama sabuni iliyotumika. Kilomita nyingi zenyewe hazinitishi. Ningenunua gari la kilomita 180,000 lenye ushahidi wa matunzo. Lakini aliyerudisha dira nyuma, awe wa hapa au wa huko lilikotoka, sijui ameficha nini kingine.

La pili aliliona fundi. Ufunguo unapozungushwa kabla ya kuwasha, taa ya mfuko wa hewa huwaka kwenye dashibodi kwa sekunde chache, kisha huzima. Ndivyo mfumo unavyojipima. Kwenye gari hili taa ya ABS iliwaka na kuzima kama inavyotakiwa, ila ya mfuko wa hewa haikuwaka kabisa. Mnunuzi wa kawaida hufurahi akiona hakuna taa ya onyo, na hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike: taa isiyowaka hata mwanzoni ina maana kwamba imeungua, imeondolewa au imezibwa. Fundi akapitisha kidole upande wa abiria, juu ya dashibodi, akanishika mkono na kunipitishia hapo hapo. Palikuwa na mshono uliojazwa gundi na kupakwa rangi. Mfuko ulishawahi kulipuka kwenye ajali, na ndani pamebaki tundu.

Binti yangu aliumia. “Mama, mbona linakwenda vizuri?” Nilimjibu kwamba kwenda linakwenda, ninachotaka kujua ni litamfanyia nini siku likigonga. Hakusema neno hadi Mkolani.

Jioni nilisoma zaidi kuhusu mifuko ya hewa, kwa kuwa upo mkasa unaoyahusu sana magari ya Kijapani ya umri huu. Kampuni ya Takata ilitengeneza vilipuzi vya mifuko kwa kutumia amonia naitreti, kemikali ambayo huharibika polepole kwa joto na unyevu, hata mfuko ukifunguka hurusha vipande vya chuma kwa aliyekaa mbele yake. Watu wamekufa katika nchi kadhaa, mamilioni ya magari yakaitwa kurekebishwa, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya kila siku. Namba ya chasisi ya gari la Japani inaweza kuingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji huko Japani, ikaonyesha kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Haina malipo. Nimeiingiza kwenye orodha ya ukaguzi.

Gharama: fundi 40,000.

2 Agosti 2025: Toyota Raum

Tulibadili namna ya kutafuta. Badala ya kuuliza “IST ziko wapi,” tulianza kuuliza ni gari gani lenye injini ile ile ambalo vijana hawaligombanii. Jibu likawa Raum ya kizazi cha pili. Ina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, sawa na IST ya lita 1.5, yenye cheni badala ya mkanda wa taimingi, na giaboksi ya kawaida ya otomatiki ya gia nne. Milango ya nyuma ni ya kusukuma pembeni. Vijana huliita gari la wazee, na bei yake hulipia jina hilo.

Hili ni la mwaka 2004, namba D, la mama mmoja wa Pasiansi, kilomita 143,900, na daftari la oili lililoandikwa kwa mkono tangu 2018. Aliomba 9,800,000. Liliwaka baridi bila kusita, hakuna moshi, kulanti ya kijani, taa zote mbili ziliwaka na kuzima, sakafu kavu, dashibodi haina mshono. Namba ya chasisi haikuonyesha wito wowote ambao haujatekelezwa. Tulilipandisha Isamilo likiwa na watu wanne, tukasimama katikati ya mteremko na kuondoka tena, kwa sababu vilima vya mawe vya Mwanza hupima giaboksi kuliko barabara ya tambarare ya urefu wowote.

Kasoro tulizoona: bushi za mbele zinagonga, shokapu ya mbele kulia inavuja, na tairi zimepakwa dawa ya kung'arisha lakini zimezeeka. Umri wa tairi husomwa ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zote nne zilisoma 1116, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2016. Kashata, yaani michoro ya tairi, zilikuwa bado nzito, ila mpira umepasuka nyufa nyembamba. Kwa hoja ya tairi na bushi bei ilishuka hadi 9,300,000.

Kosa la siku hii sikulijua hadi Septemba, na nitalieleza mahali pake.

Gharama: fundi 40,000.

4 hadi 18 Agosti 2025: Karatasi

Tulidhani hii ni kazi ya siku mbili. Imekula wiki mbili. Jina kwenye kadi ya gari lilikuwa la mtu mwingine, kwa kuwa mama aliyetuuzia alinunua mwaka 2018 na hakuhamisha umiliki. Hakuwa na nia mbaya, lakini kisheria gari halikuwa lake, na mwenye kadi alikuwa Bunda. Sikutoa fedha hadi alipofika mwenyewe na kitambulisho chake, na katikati yake ikaingia sikukuu ya Nane Nane siku ya Ijumaa, ikafuatiwa na mapumziko ya mwisho wa wiki. Kwenye mfumo wa polisi wa faini gari lilikuwa na madeni matatu ya 30,000 kila moja; muuzaji aliyalipa mbele yetu. Mkataba uliandikwa na wakili, wote watatu wakatia saini, malipo yakapita benki, na maombi ya kuhamisha umiliki yakapelekwa TRA kwa namba ya mlipakodi ya binti yangu.

Bima kubwa hatukuipata. Kampuni mbili zilikataa gari la umri huu. Tumechukua bima ndogo.

Gharama: gari 9,300,000, wakili 100,000, kuhamisha umiliki, pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 1, 153,000, bima ndogo 118,000.

23 Agosti 2025: Matengenezo ya mwanzo

Tairi nne mpya, 660,000. Tulisoma tarehe za hizi pia kabla ya kulipa. Oili, chujio zote, plagi, kulanti na mafuta ya giaboksi, 380,000. Bushi, stabilaiza linki na shokapu mbili za mbele, 420,000. Shokapu hubadilishwa kwa jozi hata kama inavuja moja. Mtungi wa kuzimia moto na viakisi vya pembetatu, 60,000. Mwalimu wa udereva, siku tano, 100,000, na siku mbili kati ya hizo ziwe za usiku, kwa maana leseni yake aliipata mchana.

6 Septemba 2025: Gari linakunywa mafuta

Binti yangu alilalamika kwamba fedha ya mafuta haimtoshi. Nilimwelekeza apime kwa njia ya tangi: ajaze hadi pampu ijikate, atembee wiki yake, ajaze tena kituo kile kile, agawanye. Kilomita 212 kwa lita 19.6, yaani kilomita 10.8 kwa lita. Kwa injini hii, kwenye barabara ya lami, ni matumizi makubwa mno.

Fundi aliunganisha mashine yake tukaenda hadi Usagara huku nikisoma joto la maji ya injini. Barabarani lilikaa nyuzi 61. Hapo nilielewa, na nikakumbuka sauti niliyoisikia tarehe 2 Agosti: mara tu ufunguo ulipozungushwa, injini ikiwa baridi kabisa, feni ilianza kuvuma. Fundi alikuwa nyuma akitazama moshi. Mimi nilikuwa mbele na nikadhani kiyoyozi kimewashwa. Tulipofungua tulikuta themostati imetolewa na feni imeungwa moja kwa moja, ili izunguke wakati wote.

Ni tabia iliyoenea kwenye gereji zetu, kwa imani kwamba joto letu halihitaji themostati. Kazi ya kifaa hicho ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yafike takribani nyuzi 82. Kikitolewa, injini haifikii joto lake. Kompyuta hudhani bado ni asubuhi, ikaendelea kumwaga petroli ya ziada, na petroli hiyo huteremka kwenye oili na kuiharibu.

Palikuwa na hofu nyingine niliyolala nayo siku mbili: huenda themostati ilitolewa ili kuficha gari linalochemsha. Ndiyo maana hatukuirudisha na kuondoka. Rejeta ilifunguliwa na kuoshwa, mfumo ukapimwa kwa mgandamizo na kuachwa saa nzima bila sindano kushuka, themostati mpya na kihisi cha joto vikafungwa, waya za feni zikarudishwa kwenye rilei yake. Kisha tukapanda Isamilo mara tatu saa nane mchana, kiyoyozi kikiwaka. Joto lilicheza kati ya nyuzi 86 na 93, feni ikajiwasha na kujizima yenyewe. Nilishusha pumzi pale juu kileleni, ziwa likiwa limetanda chini yetu, na fundi akanunua soda kwa fedha yake.

Gharama: 130,000 kwa vyote.

20 Septemba 2025: Hali ya sasa

Kipimo cha pili cha tangi: kilomita 238 kwa lita 17.0, sawa na 14.0 kwa lita. Oili tuliibadilisha tena mapema kwa sababu ya petroli iliyokuwa imeingia. Fundi hakudai ufundi, na oili ilikuwa imebaki kwenye dumu la Agosti.

Jumla hadi leo ni 11,781,000. Matengenezo ya gari lenyewe, tairi zikiwemo, ni 1,590,000, ambayo ni takribani asilimia 17 ya bei ya kununua. Zimebaki 1,219,000, nazo zimewekwa kwenye akaunti ya binti yangu kwa jina la gari.

Bampa ya nyuma imekwisha kugusa nguzo ya geti la kazini. Mlango wa kusukuma wa kushoto unakwama ukiwa nusu, reli yake imejaa mchanga. Tutaufungua gari litakapofika kilomita 149,000, pamoja na oili inayofuata. Jana alitoka zamu saa nne usiku, akanipigia saa nne na dakika kumi na mbili kuniambia amefika chumbani.